Simba Jike wa Laini ya Nne

Jumanne moja ya mwezi wa tisa mwaka 1983, saa nne asubuhi, mchongaji Matheka alimaliza kumpaka kiwi simba wa pili wa mti, akamkokota juu ya gunia hadi mwanzo wa laini yao pale mtaani Mbotela, akamketisha mkono wa kushoto wa anayeingia, sambamba na mwenzake wa kulia. Banda la wachongaji lilikuwa limejaa vifaru vya kuchonga vya kuuzia watalii, na mti wa jakaranda ukiachwa juani unapasuka. Kwa hiyo simba wale wangekaa hapo kivulini wiki mbili kabla ya kwenda mjini. Laini ilikuwa na nyumba sita upande huu na sita upande ule, zikitazamana, na mfereji mmoja wa maji, wa bomba, kwa wote. Watu walipita kati ya simba wakienda chooni na kurudi. Mbithe wa nyumba ya pili peke yake ndiye aliyesimama, akasema wamenona.

Aliyewaagiza ni Mzee Liang, Mchina aliyekuwa akifungua hoteli mjini. Babu yake alikuwa fundi wa mapaa katika kasri la wafalme kule Pekini, na mzee alitaka mlango wa hoteli yake uwe kama alivyosimuliwa utotoni: kizingiti cha kufika gotini, ili mashetani, ambao hawajui kukunja goti, wasiingie, nguzo tatu huku na tatu huku, na simba wawili. Alimpa Matheka picha moja iliyokatwa kwenye kalenda, ya simba dume aliyekanyaga mpira kwa mguu wa kulia. Matheka akaitazama, akasema ameelewa. Sasa, kwa wachongaji wa Ukambani jozi ni jozi. Twiga wawili wakiwekwa mezani, wewe mnunuzi usijue yupi ni yupi, hapo ndipo fundi anaitwa fundi. Matheka alichonga simba wawili, kila mmoja na mpira wake, kila mmoja mguu wa kulia. Alijivunia kazi ile kupita kiasi, na mimi simlaumu.

Jumatano asubuhi mfereji ulikutwa umehama. Miaka kumi na miwili ulikuwa umeegemea upande wa kulia, na wanawake wa upande wa kushoto walikuwa wameulalamikia miaka hiyo yote. Sasa ulikuwa katikati barabara. Naftaly, dereva wa lori la mkate, aliupima kwa hatua: nne huku, nne huku.

"Angalau," akasema Mbithe, akatega debe lake.

Siku hiyo hiyo dirisha la Mbithe, ambalo halikuwa na kasoro, lilipasuka kioo pale pale palipopasuka dirisha la Naftaly aliyemkabili. Alhamisi redio ya Mbithe ilizimika katikati ya matangazo ya vifo, kwa kuwa ya Naftaly ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Watu wakaanza kuona kwamba usawa huu ulioingia na simba ni mvivu. Ungeweza kufufua redio mbovu, lakini uliona rahisi kuua nzima.

Ijumaa ukamfikia Patrobas Lusweti wa nyumba ya tano.

Patrobas alikuwa mtu wa presi, mashine ya kukandamiza bati, katika kiwanda kimoja cha sufuria kule Industrial Area. Mwezi wa saba presi ilikuwa imemchukua mkono wa kulia, kutoka kifundoni. Mashine ile ilikuwa na wavu wake wa chuma wa kukinga mikono, lakini wavu ulining'inia ukutani kwenye msumari, maana nyapara alisema unachelewesha kazi. Kiwanda kilimwandikia Patrobas barua ya pole. Tangu hapo alijifunza kula kwa kushoto, kufunga vifungo kwa kushoto, na kuchoma mahindi kando ya barabara, akiyageuza kwa mkono huo huo mmoja hadi ukaota malengelenge. Ijumaa alipoamka, kidole cha mwisho cha mkono ule hakikuwepo. Hakukuwa na damu wala uchungu. Ngozi ilikuwa laini, kana kwamba kidole hakijawahi kuota hapo.

"Baba Nalianya, kimeenda wapi?" mkewe Phelister akauliza.

"Sijui. Nimeamka, hakipo."

Phelister alikitazama kigutu cha kulia, akautazama mkono wa kushoto, akachungulia nje kule waliko simba. Akaketi kitandani akalia kwa sauti, bila kujificha. Hakulia kwa sababu ya kidole kimoja. Alilia kwa sababu alishajua hesabu inaelekea wapi: mtu huyu ataachwa bila mkono hata mmoja, na mtoto wao Nalianya ana mwaka mmoja na nusu.

Kisha akafuta uso, akavuka kwenda kwa Matheka.

"Baba Ndeti, simba wako wanamsawazisha mume wangu. Wanamsawazisha kwenda chini."

"Woi," Matheka akasema, akaiweka chini tezo, kishoka chake cha kuchongea.

Jumamosi, kidole cha pili kikiwa kimeshakwenda, Mzee Liang alikuja kukagua mali yake. Alitembea pembeni mwa njia, si katikati, kwa sababu katikati ni pa mfalme, na Mbotela mfalme anaweza kupita siku yoyote. Alimtazama simba wa kulia, akamtazama wa kushoto, akasikia habari za vidole vya Patrobas, akaomba kigoda.

"Fundi, umenimaliza," akasema. Kiswahili chake alikipata Mombasa, na kilikuwa kizuri kuliko cha Naftaly. "Jozi si mapacha. Dume mwenye mpira analinda nyumba: ukuta, paa, vyombo. Jike ana mtoto chini ya mguu wa kushoto, na yeye ndiye anayelinda watu. Wewe umeweka madume wawili. Hawa hawaoni watu. Wakimwona huyu jamaa wanaona ukuta uliobomoka upande mmoja."

"Si tuwaondoe tu?" Phelister akauliza.

"Hata ukiwachoma, mama, wameshamhesabu. Babu yangu aliona mnara wa mashariki ukiungua, wakubwa wakachelewa kuujenga, na ule wa magharibi ukashuka wenyewe. Kitu ni kimoja. Atafutwe jike."

Vilibaki vidole vitatu. Simba mmoja humchukua Matheka siku tisa.

Jumapili hakuna aliyekwenda kanisani. Mchungaji alipita, akaona, akavua koti akashika msasa. Kiilu, mchongaji mwenzake Matheka, alikuja na gogo la jakaranda juu ya mkokoteni, akalichanja kwa shoka hadi likapata mgongo na kichwa, ndipo Matheka akasogea na tezo. Hapo akakwama. Tangu utoto wake hakuwa amechonga kitu asichowekewa mbele akiige. Kifaru alikiiga kwa baba yake, na baba yake kwa mwingine. Jike mwenye mtoto hakuwa na picha yake.

"Nitakaa mimi," Phelister akasema.

Akaleta kigoda, akaketi wima akitazama mbele, na Nalianya akalazwa chali miguuni pake chini ya kiganja cha kushoto. Mtoto alipewa mandazi, akapewa na kijiko cha kugonga. Mama yake hakusogea hadi jioni, isipokuwa kumpungia nzi. Alikuwa na hasira, na hasira ile Matheka akaichonga, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yake. Ndanu, mke wa Matheka, alifuata nyuma na patasi ndogo akichimba manyoya. Jumapili kidole cha katikati kilikuwa kimekwenda. Jumatatu kikaenda cha shahada, na Patrobas akabaki na dole gumba. Alishinda ameketi mlangoni, kikombe cha chai amekibana kati ya dole hilo na kigutu, akisema kila baada ya muda, "Nyinyi fanyeni tu kazi, msinitazame."

Saa kumi na mbili jioni jike alipakwa kiwi. Wanaume sita walimwinua wakamweka kushoto, na dume wa ziada akapelekwa nyuma ya choo, akageuzwa uso ukutani.

Jumanne asubuhi Patrobas aliamka na vidole kumi.

Mkono wa kulia ulikuwa mpya kabisa, kucha safi, mweupe kidogo kuliko ule mwingine, na haukujua lolote. Uliangusha kijiko mara tatu. Phelister aliushika, akaugeuza, akaunusa, akacheka mpaka Mbithe akaja kuuliza kuna nini. Halafu akajilaza, akalala usingizi hadi saa saba mchana, wa kwanza wa maana tangu mwezi wa saba. Vioo vya madirisha vilikuwa vimeungana. Redio zote mbili ziliimba. Laini nzima ilishusha pumzi, na Naftaly akagawa mikate iliyobondeka. Mzee Liang alikubali kuchongewa jozi nyingine, maana watu wa laini walikataa katakata jike wao aende mjini.

Jumatano Patrobas aliripoti kiwandani. Karani alifungua faili, akaona imeandikwa mkono mmoja, akamtazama, akaenda kuuliza. Alirudi na karatasi. Ilisema kwamba kwa kuwa mfanyakazi ana mikono miwili, hapakutokea ajali mwezi wa saba, na barua ya pole irudishwe. Patrobas aliweka sahihi kwa mkono mpya, herufi za mtoto wa nasari, akarudi kwenye presi ile ile. Wavu ulikuwa bado kwenye msumari. Alifurahi kupata kazi. Mahindi yalikuwa yamemchosha.

Habari hazikai. Watu wa kiwanda kile walianza kuja kutoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga, huyu bila kidole, yule bila nusu ya kiganja. Waliketi kati ya simba, wakapewa chai, na kesho yake wakaamka wazima. Mwezi wa kumi na moja afisa wa wafanyakazi alikuja mwenyewe, amevaa tai, akaagiza jozi moja ya kuwekwa geti la kiwanda.

"Si mngerudisha tu ule wavu kwenye mashine?" Matheka akamwuliza.

"Wavu unachelewesha kazi, fundi. Simba hawacheleweshi."

Matheka alifikiria. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Akauliza anataka kiwi nyeusi au ya kahawia.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, saa tatu asubuhi, presi ilichukua vidole viwili vya Patrobas. Uchungu ulikuwa ule ule wa kwanza, hilo simba hawakuligusa. Alifungwa kitambaa, akaketi kwenye benchi lililowekwa getini kati ya simba kwa kazi hiyo, wa nne kwenye foleni, na jioni akarudi nyumbani. Phelister aliufungua mkono, akahesabu vilivyobaki.

"Vimeenda viwili tu?" akasema. "Asante Yesu." Alisema kwa moyo wake wote, akaenda kupakua chakula.

Asubuhi vilikuwa vimerudi. Patrobas alivaa ovaroli, akambusu mtoto, akaondoka kabla ya saa kumi na mbili unusu, kwa sababu nyapara alikuwa anaandika majina ya wanaochelewa.