Waya wa Pini Tatu

Jumanne asubuhi fundi wa sauti wa ukumbi wa baraza alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, akitenganisha nyaya zilizosokotana. Zenye pini nyembamba, kama za spika za masikioni, alizitia kwenye kopo. Zenye pini nene za gitaa alizilaza kando. Zile pacha, nyekundu na nyeupe, alizifunga kwa mpira. Zilizobaki ni za pini tatu, ambazo zikiingia hulia 'ka' na kujifunga zenyewe. Hizo zilikuwa nzima, ila soketi yake kwenye mtambo ilikuwa imeungua.

Alimweleza katibu wa baraza. Akamweleza pia kwamba alfajiri, akioga, alikuta matundu matatu ubavuni mwake kushoto na pini tatu ubavuni kulia. Katibu aliinama akatazama, akauliza kama ni za saizi ya kawaida. Zilikuwa za kawaida.

"Basi afadhali," katibu akasema. "Kwa manunuzi tungesubiri hadi mwezi wa sita."

Fundi akakaa kwenye stuli nyuma ya pazia. Waya wa maikrofoni ukaingia kushoto, waya wa spika na rekoda ukatokea kulia. Haikuuma. Ilimwasha kidogo tu mwenyekiti alipokohoa. Tabu ni kwamba aliwasikia wajumbe hata maikrofoni zikiwa zimezimwa, na wakati wa chai akamsikia mwenyekiti akisema kwamba maghorofa ya nyuma ya karakana yatabomolewa Alhamisi. Wapangaji wataitwa Jumatano kutoa maoni, kwa kuwa sheria inataka wasikilizwe.

Mama yake fundi alikuwa amepanga ghorofa ya pili ya majengo hayo kwa miaka thelathini na moja.

Jioni alimkuta akipiga pasi gauni la kutokea. Akamwambia yote.

"Nilishahisi, mwanangu," mama akasema, bila kuinua pasi. "Lakini nimeshapewa namba ya kuzungumza. Ya kumi na nne."

Fundi hakulala vizuri. Aliona kwamba jambo lisipoingia kwenye rekodi litakuwa halikusemwa kabisa, na aliujua vizuri waya wa pini tatu. Ndani yake sauti husafiri mara mbili, moja wima na nyingine imepinduliwa, na chochote kinachodandia njiani huuawa mwishoni kama kelele. Alishajaribu kunena kutoka pale kwenye stuli. Maneno yake yalifika kwenye waya yakafa. Waya pacha hauna ulinzi huo. Huo huokota kila kinachopita.

Kwa hiyo Jumatano aliwahi kazini, akakata waya pacha, akaulehemia kichwa cha matundu matatu, akajichomeka kulia. Wapangaji walijaa ukumbini. Mwenyekiti alipoanza kuwakaribisha, fundi akafungua kinywa.

"Wameshaamua," spika zikasema. "Wanabomoa kesho."

Kila mtu alisikia. Mwenyekiti alitazama dari, kama mtu anayesubiri lori lipite, kisha akaendelea. Karani aliandika: mitambo ilivuma, sekunde tano. Wapangaji walitazamana, wakatazama namba zao, wakabaki wamekaa.

Katibu alikuja nyuma ya pazia na waya wa pini tatu, akachomoa ule pacha, akauchomeka huu mwenyewe hadi ukalia.

"Pole, dada," akasema. "Ule wa zamani unaingiza kelele."

Fundi akauvuta. Haukutoka. Kitufe cha kuufungulia kilikuwa kimeelekea mgongoni, mahali ambapo mkono wake haufiki. Akaketi.

Namba kumi na nne ilipoitwa, sauti ya mama ilimwingia kushoto. Mama alieleza bomba alilolipigania miaka ya mwanzo, ngazi anazofagia kila Jumamosi, jirani asiyeweza kutembea. "Sina maneno mengi," akamaliza. "Naomba tu mtuambie tukalale wapi."

Maneno yalimpita fundi chini ya moyo, ya vuguvugu, moja baada ya jingine. Akaita, "Mama." Akaita tena kwa nguvu zaidi. Upande wa kulia ilitoka sauti ya mama peke yake, safi, bila hata chembe ya mkwaruzo.

Mwenyekiti alimshukuru mama, akageukia pazia na kusema kwamba sasa sauti imetulia vizuri. Kisha akaita namba kumi na tano.