Tone Jekundu Juu ya Nati

Pasi alipewa jina hilo mtaani baada ya kuitengeneza pasi ya mkewe ikaunguza shuka, godoro na nusu ya pazia. Tangu siku hiyo mkewe alimpiga marufuku kugusa kitu chochote chenye waya au injini. Lakini kichwa chake kilikuwa kigumu. Alimtazama fundi wa pikipiki akirekebisha valvu za injini mara moja tu, akajiambia, kumbe ni hivi tu?

Basi asubuhi mkewe alipokwenda saluni na kumwachia pikipiki yao aipeleke kwa fundi, Pasi aliifungua injini uani. Ndani mna nati mbili ndogo, kila moja imeshikilia skrubu ya valvu yake. Unapima upenyo kati ya skrubu na valvu kwa kibamba chembamba cha chuma, unakaza nati, halafu unafanya kama fundi yule afanyavyo: unatia tone la rangi juu yake, ujue hiyo umeshaimaliza. Rangi hakuwa nayo. Aliazima chupa ya mkewe ya rangi ya kucha, bila kuomba.

Nati ya kwanza aliikaza, akaitia tone. Ya pili alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuipima, mama mkwe akaita kutoka ndani.

"Mkwe wangu! Njoo unishikie kabati hili, litaniangukia!"

Aliitumbukiza chupa mfukoni mwa shati, maana mama huyo hana siri, akakimbia. Aliporudi alifunga mfuniko, akawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, akatabasamu peke yake kama bwana harusi.

"Fundi ameipitia?" mkewe aliuliza aliporudi.

"Ameipitia."

Mke akampakia binti yao nyuma, wakaondoka kwenda kwa shangazi mtu, ng'ambo ya mteremko mkali.

Pasi akaenda kuoga. Alipovua shati, chupa ikadondoka sakafuni. Aliitazama. Iliingia mfukoni alipoitwa, na haikutoka tena. Kwa hiyo nati ya pili haikupata tone, na kama haikupata tone, haikukazwa.

Skrubu ikilegea itagonga, ikichomoka injini itakwama, na tairi la nyuma litajifunga katikati ya mteremko, mtoto akiwa juu yake. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akiendesha, mkewe huiweka kwenye mkoba. Kilichomuua zaidi ni ule uongo. Akisikia inagonga atajiambia fundi anajua kazi yake, aendelee tu.

Alitoka mbio na kandambili, shati mkononi, chupa kiganjani. Kila kona aliogopa kuona watu wamekusanyika. "Mungu wangu, mwanangu," alikuwa akisema kwa sauti, na wapita njia wakimpisha.

Aliwakuta kwa fundi, hatua chache kabla ya mteremko. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya fundi, mikono kiunoni.

"Inagonga! Leo tu umeitengeneza, inagonga!"

"Dada, mimi sijaigusa."

Fundi alifungua mfuniko. Nati moja ilikuwa na tone jekundu. Nyingine aliigusa kwa kidole, ikazunguka.

Mkewe alilitazama tone lile, akazitazama kucha zake, kisha akamgeukia mumewe, kifua wazi, anahema. Alinyoosha mkono.

"Nipe chupa yangu."

Injini ilipopoa fundi alipima upya na kukaza. Mke ndiye aliyeitia tone nati ya pili. Aliibonyeza brashi kwa nguvu hivi kwamba rangi ilimwagikia pembeni, na Pasi alipoona vile alitaka ardhi immeze.

"Nisamehe, mama."

Mkewe alimshika mtoto mkono.

"Panda," alisema. "Utashuka nayo wewe. Sisi tutatembea."