Nywele Zilizolowa Asubuhi

Asubuhi na mapema, kabla hajafanya kazi yoyote, Delfina Tafoya aliketi kwenye stuli nyeupe akiwa amejifunga taulo, na Bedros, mhariri wa filamu, akamlowesha nywele kwa chupa ya kunyunyizia maua. Delfina akashika kitambulisho chake kando ya shavu, akaitabasamia kamera, akasema, "Leo nimefurahi sana. Yote mliyoyaona yalikuwa maigizo, na kila kitu nilikubali." Kisha akaenda kunywa kahawa, maana siku ilikuwa bado haijaanza.

Ndivyo walivyozoea katika ghala lao la bondeni, mtaa wa Canoga Park, ubavuni mwa duka la vigae, walikotengeneza filamu za ngono za kushtua: mwanamke analaghaiwa, anakamatwa kwa nguvu, analia. Wateja walitaka kuamini kwamba kilio ni cha kweli, halafu mwishoni waambiwe kwamba si cha kweli, wapate usingizi. Kipande hicho cha mwanamke mwenye taulo kilikuwa cha kuwalaza. Kilipigwa asubuhi kwa sababu jioni macho ya wanawake huwa yamevimba, na macho yaliyovimba hayaendani na maneno ya furaha. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata wanawake wenyewe walipenda kumaliza hilo mapema.

Delfina alikuwa mkongwe wa kazi hiyo na hakuionea haya. Alijua kulia kwa oda, akamaliza, akaulizia chakula. Alikuwa na neno lake la kusimamisha kazi, "chungwa", na kila aliyeigiza naye alilijua: likitamkwa, mikono juu. Siku ile alilitamka. Mwanamume aliyekuwa naye alilisikia, akamtazama bosi. Bosi, Ronny Kasparek, akazungusha kidole hewani: endelea. Delfina akalitamka tena. Wakaendelea. Jioni Bedros alilifuta neno hilo kwenye sauti, akaweka muziki mahali pake.

Kesho yake Delfina aliingia ofisini kwa Ronny bila kubisha hodi.

"Ile filamu usiiuze."

"Kwa nini tena, mama? Umetisha! Hujawahi kulia vile."

"Sikuwa kazini. Mimi nauza maigizo, Ronny, na nayauza vizuri. Jana hamkununua kitu. Mlichukua."

"Haya, lakini si wewe mwenyewe umesema umefurahi? Umetoka kuoga, nywele zinachuruzika, kitambulisho hicho mkononi. Sasa nimwamini nani, wewe au wewe?" Ronny akacheka peke yake.

Filamu ikauzwa. Haikupita wiki, mteja mmoja wa Ohio akaandika kulalamika kwamba mwanamke wa taulo amekataa kusema maneno yake. Ameweka kitambulisho gotini, amesema, "Nilisema chungwa," kisha amemkazia macho mteja mpaka mteja akaizima kompyuta. Bedros akatazama, akakuta ni kweli. Akatoa nakala ya kwanza kabatini, na huko nako Delfina wa taulo alikuwa ameketi, anasema hivyo hivyo. Akaenda kumweleza bosi kwamba kipande kimebadilika. Bosi akauliza kama mwanga bado ni mzuri.

Bedros akakikata kile kipande. Delfina wa taulo akahamia mwanzoni. Alipokata mwanzo, akamkuta katikati, ameweka stuli yake kando ya kitanda na kuyapa mgongo yaliyokuwa yakiendelea pale. Upepo wa moto ulipoanza kuvuma kutoka milimani, nywele zake zilikauka, na tangu hapo hazikulowa tena.

Ronny akamwita mwanasheria. Mwanasheria akala donati, akatazama filamu mara mbili, akasema kwamba aliyekubali ni yule aliyelowa nywele. Huyu mkavu hana mkataba na kampuni, kwa hiyo hana haki ya kudai chochote.

Wateja wao walifurahi. "Huyu dada noma, anaigiza hata filamu ikishaisha!" waliandika. Wakabishana mtandaoni kama ni kweli au ni feki, na kila aliyetaka kuhakikisha ilibidi anunue. Ronny akabadilisha jalada, akaandika kwa herufi nyekundu: JE, NI KWELI? Inaudhi kusema, lakini filamu ile ndiyo iliyowatoa kimaisha.

Delfina alikuja kila asubuhi na kiti chake cha kukunja, akakaa mlangoni pa ghala. Jua la bonde lile halina huruma, na mwenye duka la vigae alimwazima mwavuli. Kila Ronny alipopita, Delfina alisema, "Ifute." Ronny naye alisema, "Za asubuhi, mama." Siku moja Ronny alipotoka kwenda kula, Bedros alimfungulia mlango, akamketisha mbele ya skrini.

"Wameifuta?" akauliza Delfina wa taulo.

"Bado."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Huku kuna stuli tu."

"Umechoka?"

"Nimechoka sana. Siondoki, lakini."

"Basi shikilia huko ndani. Mimi nashikilia mlangoni."

Bedros alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mfukoni. "Dada Delfina, nisamehe. Mimi mhariri tu, naambiwa kata, nakata."

"Sitaki samahani yako, Bedros. Neno langu ulilitoa wewe. Lirudishe."

"Watanifukuza."

"Najua," alisema Delfina, akamngoja.

Bedros akatazama kiti chake, akatazama chupa ya kunyunyizia juu ya meza. Kisha akasema kwamba bosi amekaribia kurudi. Delfina akatoka, akakunjua kiti chake.

Machungwa ya kwenye nyua za mtaa yalipoiva tena, aliletwa binti mpya kutoka Bakersfield, Kaylin jina lake. Wakampa taulo, Bedros akamlowesha nywele. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Binti," Delfina akaita kutoka kitini, "usiseme umefurahi kabla hujaiona siku yenyewe."

"Nani huyo?" Kaylin akauliza.

"Ni Delfina," alijibu Bedros. "Ni wa hapa hapa. Tazama kamera."

Kwenye skrini ya ukutani, ilikochezwa filamu ile, Delfina wa taulo, ambaye sasa alikuwa ameota mvi kidogo kama mwenzake wa mlangoni, alisema, "Chungwa." Mpiga picha, kama ilivyokuwa desturi siku hizi, alingoja amalize ili sauti zisiingiliane, ndipo akainua kidole.

"Leo nimefurahi sana," Kaylin akasema, maji yakimdondoka mabegani. Nje, wenye duka la vigae ndio kwanza walikuwa wanafungua.