Nyaya za Pikipiki ya Marehemu

Ornella alikuwa akipepeta mchele mbele ya mlango Fiston alipoingia uani akiisukuma pikipiki. Hakuinuka. Aliendelea kupepeta mpaka shemeji yake akaegesha, akajifuta jasho, akakohoa.

"Shemeji, habari ya leo?"

"Iko tu."

"Piki iko nanisumbua."

"Piki gani?"

Fiston akacheka cheko la mtu asiyejua aangalie wapi. Ilikuwa ile ya zamani yenye silinda mbili, ambayo Norbert, mume wa Ornella, alibebea mchele kutoka Bwegera mpaka soko la Uvira miaka yote ya ndoa yao. Norbert alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, Fiston mdogo wake alikuja akaichukua. Ni mali ya ukoo, alisema, anaitunza tu. Tangu hapo Ornella alinunua mchele kwa walanguzi, ambao walimpunja kwenye mizani huku wakimpa pole.

"Ikinyesha kidogo inakufa," Fiston alisema. "Hata umande tu. Mafundi wanasema ni waya za buji, zile za kupeleka cheche kwa plagi."

"Basi mafundi wabadilishe."

Fiston akainamisha kichwa. Fundi mmoja wa Kavimvira alizichomoa, akazirudisha, mashine ikagoma kabisa. Akahangaika kutwa nzima mpaka ikakubali, kisha akaapa hataigusa tena. Aliyeijua vizuri alikuwa Norbert, na aliyekaa kando ya Norbert akimpa spana alikuwa Ornella.

"Kesho tunaondoa matanga," Fiston alisema kwa sauti ya chini. "Unajua namna tunafanyaka mu familia."

Ornella alijua. Katika ukoo ule, vitu vya marehemu huoshwa ziwani, halafu haviguswi kwa kazi mpaka wazee wakae. Siku ya kuondoa matanga, anayetaka kurithi kitu hukitumia mbele ya watu wote. Anayetaka jembe hulima hatua chache. Anayetaka wavu huutandaza. Kikimkubali, ni chake. Kikigoma, husemwa kwamba mwenyewe amemkatalia, na kinabaki kwa mjane. Fiston alikuwa ametoka kuiosha pikipiki asubuhi ile. Kuitengeneza hakukukatazwa, ila kuiwasha, ndiyo.

Kwa hiyo asingeweza kuijaribu. Jambo hilo Ornella alilitafakari taratibu, kama alivyotafakari kila jambo.

"Waya mpya utatoa wapi?" aliuliza.

"Si weye uko nayo? Niliiona mu sanduku ya Norbert."

"Ile ni yangu. Niliinunua Bujumbura na faida ya mchele wangu."

"Ah, shemeji. Yote ni ya familia."

Ornella aliacha kupepeta. Akaweka ungo chini.

"Leta spana," alisema.

Aliondoa tangi. Nyaya za zamani zilikuwa zimepasukapasuka kama visigino vya mtu wa shamba, na kwenye chuma cha fremu palikuwa na alama nyeupe pale cheche zilipokuwa zikitoroka badala ya kufika kwenye buji. Alipima waya mpya kwa ule wa zamani, akaukata vipande viwili, akavichomeka kwenye zile bobini mbili zinazozalisha cheche, akavisha kofia za buji upande wa pili.

Mashine ile ilikuwa na siri moja. Miaka mingi nyuma, kwenye mashimo ya barabara ya Katogota, chuma kilichoshika bobini kilikatika. Norbert alipokichomelea upya alizirudisha bobini kwa kupishana, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Tangu hapo nyaya zilipaswa kupishana chini ya tangi. Aliyezinyoosha aliiua mashine, maana cheche zilipiga wakati usio wake.

Ornella alizinyoosha. Ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

Fiston aliinama kukagua, akaridhika. "Sasa inaonekana kama kazi ya mutu. Norbert alikuwa anafungaka ovyo."

"Ndiyo," Ornella alisema huku akijifuta mikono. "Alikuwa mutu wa ovyo."

Kesho yake ua ulijaa. Mzee Hyacinthe, mkubwa wa ukoo, alikaa katikati ya wazee wenzake. Kando yao, mkekani, alikaa Mama Sofia, mamake Norbert na Fiston, ambaye kipindi chote cha msiba alilala chumba kimoja na Ornella ili mkwe wake asiamke peke yake.

Jembe lilipata mtu. Koti likapata mtu. Kisha Fiston akaikaribia pikipiki, amevaa viatu vya kung'aa, akapiga kiki.

Kimya. Akapiga tena. Mlio ukatoka kwenye ekzosi, mkavu, mkali, kama risasi. Watu wa Uvira hawahitaji kufundishwa la kufanya wasikiapo mlio kama ule: nusu ya ua ilikuwa chini kabla kuku hawajafika kwenye ua wa jirani. Walipogundua ni pikipiki, kicheko kikaanza.

"Fiston, umeleta piki ao bunduki?"

"Norbert anakataa, bwana!"

"Mwombe ruhusa kwanza, mwizi weye!"

Fiston alipiga mpaka shati likamganda mgongoni. Kiki ilirudi ikamgonga muundi, akaruka kwa mguu mmoja. Ornella hakucheka. Alikunja mikono akatazama, na kila mlio ulimwingia kama maji baridi kwenye koo lililokauka. Apige tena. Aumie tena. Wamwone wote.

Mzee Hyacinthe akainua mkono atamke kwamba marehemu amekataa. Hapo Mama Sofia akatoka mkekani, akapiga magoti mbele ya gurudumu.

"Norbert mwanangu, usimukasirikie mudogo yako. Ni minye nilimwambia achukue. Niliogopa bibi yako ataolewa na mutu mwingine, aende nayo. Unipige minye."

Akaanza kujipiga kifuani kwa ngumi.

Ornella hakuwa ameyajua hayo. Alisimama pale pale, na wazo lake la kwanza halikuwa zuri: basi naye ajipige. Wote wawili walipe. Alilishika wazo hilo kwa pumzi kadhaa, na lilikuwa tamu. Lakini Mama Sofia alikuwa akijipiga kwa nguvu, akimwita mwanawe arudi amjibu, na Norbert hakuwa amesema lolote.

"Mama, inuka," Ornella alisema. "Siyo Norbert. Ni minye nilifunga waya vibaya. Kusudi."

Ua ukalipuka.

"Mchawi!" Fiston alipiga kelele.

"Uchawi ni kupora mufu. Minye nilifunga waya tu."

Alichuchumaa, akabadilisha kofia za buji pande, nyaya zikapishana. "Piga sasa."

Ikawaka kiki ya kwanza, sauti laini, mfululizo. Fiston akarusha mikono juu. "Mzee, umeona!"

Mzee Hyacinthe alimgeukia Ornella. "Imewaka chini ya mguu wake," alisema kwa huzuni. "Ni yake."

"Sawa, baba mukubwa. Lakini kitu chenye kinaoshwa ndicho cha marehemu?"

"Ndiyo."

"Hizi waya nilizifunga piki ikiisha kuoshwa. Ni zangu."

Wazee walitazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Hyacinthe akatikisa kichwa kukubali, na Ornella akaizima mashine, akachomoa nyaya mpya, akazirudisha zile zilizopasuka, zikiwa zimepishana barabara, bila hila yoyote. Jua lilikuwa kali, kila kitu kilikuwa kikavu. Pikipiki ikakohoa, ikawaka, na Fiston akatoka nayo mbio akapige honi mjini watu wamwone.

Wageni walikuwa bado wanakula mawingu yaliposhuka kutoka upande wa Rurambo. Mvua ikapiga mabati. Mbali, barabarani, mlio wa pikipiki uliokuwa ukirudi ukakatika, ukajaribu, ukakatika.

Mama Sofia, macho bado mekundu, akamgeukia mkwe wake. "Ile nayo ni weye?"

"Hapana, mama. Ile ni mvua."

Baada ya muda lango likagongwa. Fiston alikuwa nje, ameloa, ameshikilia usukani, akiita shemeji, shemeji, niazime basi zile waya, tutagawana kazi, weye siku zako na minye zangu. Watu wote walimsikia. Mama Sofia alitaka kwenda kufungua, akasita, akamtazama Ornella.

"Akubali kwanza kugawana siku mbele ya baba mukubwa," Ornella alisema, akajiongezea mboga. "Na aiseme kwa nguvu. Mvua inapiga kelele."