Mfupa wa Uweso

Asheri alikuwa dresa, msaidizi wa daktari katika chumba cha upasuaji, mwaka wa kumi sasa. Ilikuwa mwaka 1956. Daktari mgeni aliyekuwa akipita Tanga alimpasua kichwa Uweso, mchoma chokaa wa Tongoni, akatoa uvimbe uliokwisha kula utando wa ubongo na mfupa wa juu yake. Utando aliuziba kwa kipande cha nailoni, chembamba kama ganda la kitunguu, akakishona kotekote. Mfupa haukurudi. Juu ya nailoni ilibaki ngozi ya kichwa, basi.

"Mwambie mama yake hapo hapana mfupa," daktari alimwagiza Asheri, maana Kiswahili chake mwenyewe kilitosha kuombea chai tu. "Pasikandwe, pasichanjwe."

Mastura, mama yake Uweso, alikuwa barazani na kitambaa cheupe kipya mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Na mlichomtoa, kidogo na kikubwa, nipe nikakizike. Kiungo cha mja hakitupwi. Jana nilikwambia."

Kweli alimwambia, na Asheri aliitikia huku akili iko kwingine. Mfupa alikwisha kuutia katika tanuri la hospitali pamoja na pamba chafu, kama alivyotia vya watu wote. Akisema umetoka, ataulizwa uko wapi. Woga ukamshika ulimi.

"Ni uvimbe tu, mama, na umekwisha. Mfupa wake uko salama. Mtunzeni."

Aliapa moyoni kwamba atasema kweli siku ya Uweso kutoka hospitalini. Siku hiyo Mastura alimletea samaki wa kukaanga, akambusu mkono. Uongo ukishapewa shukrani hunenepa, na Asheri, mwoga wa watu, akala samaki akanyamaza.

Wiki ya tatu alikutana sokoni na Shehe, jirani yake Mastura.

"Uweso hajambo, ila kichwa chamgonga," alisema Shehe. "Penye kovu pamevimba, papwita kama utosi wa mtoto mchanga. Mama yake kasema ni damu mbovu. Adhuhuri hii aitiwa mwumishi amchanje, aitoe kwa pembe."

Asheri aliliacha kapu palepale. Aliendesha baiskeli mpaka Tongoni bila kupumzika, akimwomba Mungu mwumishi achelewe.

Mwumishi hakuchelewa. Alikuwa ameketi uani, kichwa kainamisha, pembe yake ya kunyonyea damu imeanguka mchangani. Ndani wanawake walikuwa wakilia.

Mastura alitoka. Juu ya kile kitambaa cheupe alibeba kipande chembamba chenye kung'aa, kimelowa damu.

"Wembe haukukuta mfupa," alisema. "Kulikuwa na hiki."

Asheri alipiga magoti. Mama yule hakumpigia kelele wala hakumlaani.

"Maji ya kumwosha yako tayari," alisema. "Mfupa wa mwanangu uko wapi, nimzike mzima?"