Jaribio la 41 Halifutwi

1.
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Mfumo wa benki ya damu utakabidhiwa hospitali siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Majaribio yote 212 yawe yamepita. Jaribio likigoma, lirudiwe mpaka lipite.
Rwechungura, Mkuu wa Mifumo

2.
Soma tena sentensi ya mwisho. Iko kwenye kila tangazo; mimi nimeisoma miaka mitatu nikiiona ya kawaida.

Naitwa Sikudhani Mkwizu. Naandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kila mtu anapogusa programu, ili kilichokuwa kizima jana kisivunjike leo. Ofisini kwetu jaribio likitoka jekundu, tunabonyeza tena. Likitoka kijani, tunakwenda kunywa chai.

3.
Mimi ni jaribio la 41. Naweka chupa moja ya damu kwenye hifadhidata. Nawaita manesi wawili wa kubuni, kwa wakati mmoja, kila mmoja aiombe. Mmoja aambiwe imekwisha. Wataalamu wanaita utengano wa miamala. Mimi naita kutodanganya watu.

Leo nimeendeshwa mara elfu; mara tatu majibu yalikuwa

umepata                    umepata

4.
Jekundu.

4 (rudio).
Jekundu.

4 (rudio).
Kijani.

5.
Niliyoambiwa na wenzangu kwenye chai:
"Mara tatu kwa elfu, dada Siku? Mashine imechoka tu."
"Mkataba umeshasainiwa."
"Kwani wewe daktari?"
"Lifute hilo moja, tupumue."

6.
Nikampigia Sista Edina, nesi wa chumba cha upasuaji kule hospitali. Imewahi kutokea wodi mbili zikaomba chupa moja?

"Mbona kila wiki, mdogo wangu. Ndiyo maana tuna daftari moja, na kalamu moja imefungwa kwa uzi. Aliyeshika kalamu ndiye mwenye damu. Mwingine anasubiri, anaanza kutafuta kwingine. Sasa kwenye hiyo kompyuta yenu, kalamu iko wapi?"

Kalamu haikuwepo. Niliona aibu, halafu nikapandwa na hasira.

7.
Kwa: Mkuu wa Mifumo
YAH: KUKATAA KUFUTA JARIBIO LA 41
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Nimeombwa nilifute. Silifuti. Nimebadilisha kanuni ya mashine. Kuanzia leo jaribio hili halirudiwi mpaka lipite. Linarudiwa mara elfu kumi, na likigoma hata mara moja, mfumo hautoki. Jina langu nimeliweka kwenye badiliko hilo, asitafutwe mwingine.
Wako katika ujenzi wa taifa,
S. Mkwizu

8.
Ijumaa. Saa nne kasoro dakika sita. Wageni wa hospitali wako ukumbini. Kwenye kioo cha kompyuta yangu, neno moja:

JEKUNDU

Rwechungura amesimama nyuma yangu.
"Rudisha kanuni ya zamani. Hiyo ni amri."
"Nenosiri unalo, mzee. Rudisha wewe."
Nikanyanyuka. Nikamsogezea kiti.

Akaketi. Akaandika nenosiri. Kidole kikasimama juu ya kibodi.
"Huyo nesi wa pili," alisema, bila kugeuka. "Anaambiwa nini?"
"Kwamba damu anayo."
"Na hana."
"Hana. Anakuja kujua mgonjwa akiwa ameshapasuliwa."

Mlango ukagongwa. Wanatuita.

9.
"Sikudhani. Nenda kawaambie wageni kwamba mfumo hautoki leo."