Mbavu Zangu Dirishani

Daktari Dorah alisema "huenda" mara tatu. Huenda ni kovu la kifua kikuu cha zamani. Huenda ni uvimbe usio na madhara. Huenda ni saratani. Kisha akaligonga kwa kalamu lile doa jeupe kwenye picha ya eksirei, upande wa kulia wa kifua changu, dogo kama punje ya hindi.

"Sasa mimi nishike lipi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika, sifichi. Mtu amesoma miaka yote ile, halafu ananipangia majibu matatu nichague kama nyanya sokoni!

"Shika hili, Baba Esta," akasema kwa upole. "Makohozi tumepima mara mbili, hayana TB. Doa liko moja tu, peke yake. Ninachotaka kujua ni umri wake. Kama lilikuwepo miaka mingi nyuma na halijakua, tutaliacha huko lilipo. Kama ni jipya, nakuandikia rufaa ya Mwanza, wakalitoboe kwa sindano au wakupasue kifua. Una picha yoyote ya zamani?"

Nilikuwa nayo. Miaka tisa iliyopita niliendesha malori ya mkandarasi mmoja upande wa Kahama, na kabla ya kuajiriwa tulipigwa picha za kifua, kila mtu akaondoka na yake kwenye bahasha ya kaki. Mkandarasi mwenyewe alishafungasha akaenda zake, hata simu yake haipatikani. Ilibaki bahasha yangu tu.

"Ilete kabla ya Ijumaa," akasema daktari.

Nilitoka Geita nikarudi Rwamgasa, kwenye karasha yangu ya kusagia mawe ya dhahabu, na picha mpya mkononi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mwenzangu Donatus aliinua picha juani, akakodoa macho, akasema, "Kaka, hii ni dhahabu. Ulimeza lini?" Wengine wakasema siyo, ni ndagu, nilichanjiwa dawa ya utajiri nikavunja masharti, sasa imeota mizizi. Mama anayetuuzia chai akasema ni vumbi la mawe limeganda, ninywe maziwa. Nikanywa. Kila aliyesema nilimwamini kwa dakika tano. Nikaanza kukohoa makusudi ili nisikie kama doa linacheza. Niliogopa, na kibaya zaidi sikujua naogopa nini hasa.

Nyumbani nilipekua sanduku, kabati, hadi chini ya godoro. Mke wangu Limi alisimama mlangoni ananitazama, anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Limi, bahasha iko wapi?"

"Niliipeleka kwa mama. Nilipokwenda kujifungua Esta."

"Ikafanye nini?"

"Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, upepo unazima moto. Nikaona ile picha ni ngumu kama plastiki, na inapitisha mwanga." Akainamisha kichwa. "Iko dirishani mpaka leo."

Nilikaa chini. Kwetu Usukumani mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mkikutana njiani, unapisha kando na kuangalia majani. Ukiwa na neno, unamtuma mkeo. Mimi na Mama Bernadina tumeishi hivyo tangu harusi, hajanitazama usoni wala mimi sijamtazama. Kumbe miaka yote hiyo, kila akisonga ugali, mbavu zangu zilikuwa mbele yake, zote, zinamulikwa na jua! Hata shati sikuwa nimevaa.

Asubuhi tulipanda bodaboda hadi kijijini kwao, ng'ambo ya Kharumwa. Nilibaki nje ya ua wa minyaa huku Limi akiingia. Nikasikia wananong'ona kwa Kisukuma, halafu mama mkwe akalia. Limi akatoka na picha. Imepauka kwa jua, ina masizi pembeni, na upande mmoja wa kifua pana mkwaruzo mweupe.

"Mama anasema kulikuwa na doa," Limi akaniambia. "Alidhani ni uchafu. Ameisugua kwa majivu mara kadhaa, haukutoka. Mwaka juzi akachukua kisu."

Ushahidi pekee wa maisha yangu, na mama mkwe kaukwangua kwa usafi! Tena nilipoinua picha nikaona mkwaruzo uko upande wa kushoto, wakati doa la daktari liko upande wa kulia. Kwa hiyo nina madoa mawili? Au hilo lilikuwa uchafu kweli, na langu ni jipya? Kichwa kiligoma kabisa. Nikamwambia Limi twende, nikapasuliwe yaishe.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua. Ilikuwa ya mama mkwe, anasema na Limi lakini kwa nguvu ya kunifikia mimi. "Mwambie huyo baba asubiri. Nakwenda naye. Nimelichafua mimi, nitalieleza mimi."

Hiyo safari sitaisahau. Mama Bernadina alitangulia kwa bodaboda yake, amejifunika khanga hadi machoni, sisi nyuma, na kila dereva wetu alipotaka kumpita nilimpiga bega apunguze mwendo. Hospitalini wagonjwa walitushangaa. Ndani ya chumba cha daktari yeye alikaa akiutazama ukuta wa kushoto, mimi nikatazama wa kulia, Limi katikati.

Daktari Dorah aliisikiliza habari yote, akataka kucheka, akajizuia. Picha mpya akaificha. Akampa mama karatasi na kalamu.

"Shikamoo, mama. Nichorie ulichokuwa unakiona dirishani."

"Marahaba, mwanangu. Sijui kuandika."

"Chora tu."

Mama akachora mbavu, moja baada ya nyingine, bila kusita, kama mtu anayechora njia ya kwenda kisimani. "Hizi nazihesabu kila siku nikingoja maji yachemke," akasema. "Doa lilikuwa hapa, kati ya huu na huu, upande wa mlango. La mviringo. Jua likipanda linakuwa jeupe sana, nalichukia."

Daktari akaichukua picha ya zamani, akaigeuza nyuma mbele. "Mlikuwa mnaitazama kinyume. Baba Esta, soma jina lako hapo pembeni."

Kweli, JILALA ilikuwa imesimama sawasawa sasa, na mkwaruzo umehamia upande wa kulia. Akaiweka kwenye taa pamoja na ile mpya, akatwaa rula. Kisu hakikulimaliza doa. Nusu yake ilikuwa imesalia, ukingo mzima wa chini, umelala kati ya mbavu zilezile alizochora mama. Akapima la zamani. Akapima jipya. Akarudia tena, na mimi sikupumua.

"Ni lilelile," akasema. "Ukubwa uleule, na limekauka kama chokaa. Miaka tisa halijanenepa. Saratani haina subira hiyo. Hili ni kovu, Baba Esta. Mwanza huendi. Tutalitazama tena baada ya miezi sita, basi."

Nililia. Mwanamume mzima, nililia mbele ya mama mkwe, na yeye akaendelea kuutazama ukuta wake kwa heshima zote.

Alipoinuka, ndipo akaiona picha mpya iliyokuwa imewekwa kwenye taa. Akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja. "Huyu namfahamu," akasema polepole.

Daktari akatuambia ile ya zamani haitoki tena kwenye faili, mpya tunaweza kwenda nayo, nakala anayo kwenye kompyuta. Mama akauliza, kwa sauti ya chini, sasa dirisha lake litakuwaje, maana upepo wa kule haujui kovu wala saratani.

Limi alinyoosha mkono apokee picha ampelekee. Nikamzuia. Nikaishika kwa mikono miwili, nikapiga goti, macho yangu sakafuni, nikamkabidhi mwenyewe. Miaka kumi ya ndoa, sikuwahi kumwambia neno.

"Mama, weka dirishani. Ila hilo doa usilisugue."

Akaipokea. Niliona vidole vyake vikipapasa mbavu hadi vikafika palepale, vikatulia.

"Silisugui, mwanangu," akasema. "Nitaliangalia kila asubuhi. Likikua, nitamtuma mtu."

Picha haikui, nilijua hivyo. Nikamwambia ahsante.